Tusimwonee Haya Mgema

Wako wanaodhani kwamba karamu na vinywaji katika hadithi za ajabu na miujiza ni mapambo matupu ya kumchekesha msomaji. Dhana hiyo ni potofu. Karamu haijiandai yenyewe. Mwandishi anapotandika mkeka na kuleta kinywaji, hutuonyesha pia ni nani aliyetoka jasho na ni nani anayestarehe.

Mwaka 1954 Mwingereza J. R. R. Tolkien alitoa kitabu cha kwanza cha The Lord of the Rings. Kinaanza kwa sherehe: mzee Bilbo anatimiza miaka 111, wageni 144 wanakaribishwa kwenye karamu yake, wanakula na kunywa mpaka wanashiba. Sijapata kusikia Mwingereza aliyeionea haya karamu ile.

Sasa tutazame Afrika. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1952, Faber and Faber ya London ilitoa The Palm-Wine Drinkard, kitabu cha Amos Tutuola wa Nigeria, mzaliwa wa Abeokuta, aliyesoma miaka michache tu na kufanya kazi ya utarishi Lagos. Dylan Thomas, mshairi wa Wales, alikisifu. Lakini baadhi ya wasomi wa Nigeria walifadhaika. Walilalamika kwamba Kiingereza chake ni kibovu, na kwamba wageni wangemcheka Mwafrika kwa sababu ya mizimu na shujaa mlevi.

Hofu yao ilikuwa na sababu, maana ukoloni ulikuwa bado haujaondoka. Nigeria ilipata uhuru mwaka 1960. Hata hivyo, dawa ya dharau si kuukana urithi. Kuiona bia ya Mwingereza kuwa fasihi, na tembo la Mwafrika kuwa aibu, ni kasumba.

Aidha, kitabu chenyewe hakisifu ulevi. Shujaa wake amepewa na baba yake shamba la mitende ya tembo 560,000, pamoja na mgema. Kila asubuhi mgema huteremsha mapipa 150, na jioni mengine 75. Shujaa hana kazi nyingine ila kunywa pamoja na rafiki zake. Siku moja mgema anaanguka kutoka juu ya mti na kufa. Karamu inakoma, na marafiki hawaonekani tena! Ndipo bwana yule anapotambua kwamba starehe yake yote ilining'inia juu ya kazi ya mtu mmoja. Inambidi aende kwa miguu mpaka mji wa wafu kumtafuta, na mgema hawezi kurudi naye.

Badala yake mgema anampa yai la ajabu. Wakati wa njaa yai hilo linalisha umati wa watu, lakini kwa vurugu zao wanalivunja, na likiisha kugandishwa halitoi tena chakula, bali mijeledi. Nani atasema kwamba hili ni porojo la mlevi?

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walituonya tusizidishe sifa. Hawakutuambia tumdharau mgema. Vijana wetu wanaotunga hadithi wasiogope kuleta kibuyu, kata na mkeka katika maandishi yao. Ila wasisahau kumtaja aliyepanda mti.