Ngazi za UVIKO-19 na mpaka wa Tunduma

UVIKO-19 ni ugonjwa unaosababishwa na virusi vya korona vya SARS-CoV-2. Dalili za kawaida ni homa, kikohozi kikavu, uchovu na kutosikia harufu. Taarifa za China za Februari 2020 zilionyesha kuwa takriban 81% ya wagonjwa walikuwa na hali isiyo kali, 14% hali kali, na 5% walikuwa mahututi.

Katika Mkoa wa Songwe, ngazi hiyo ya kwanza ndiyo ngumu kuidhibiti. Barabara kuu ya TANZAM hupita Wilaya ya Mbozi, ilipo kata ya Ihanda, hadi Tunduma mpakani. Kipimajoto hakimtambui dereva aliyeambukizwa asiye na homa, na dalili huweza kuchelewa hadi siku 14. Mnamo Mei 2020 Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85 kwa siku moja, 76 kati yao wakiwa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma. Rais Edgar Lungu akafunga mpaka kwa muda. Tanzania ilikuwa imeacha kutoa takwimu tangu 29 Aprili, kwa hiyo upande wa Tunduma hauna hesabu ya kulinganisha.

Mtu mzima anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au mwenye oksijeni ya damu chini ya 90%, yuko katika hali kali na anahitaji oksijeni hospitalini, hata kama homa imeshuka.