Nyasi Zilizopitwa na Wakati Bado Zina Kazi

Wewe mkulima wa skimu, hebu litazame lile shamba lako la nyasi za Boma Rhodes. Ulikusudia kuzikata mwezi wa Oktoba, zilipoanza kutoa maua. Mvua haikukupa hata siku tatu za jua. Kisha mahindi yakakuita. Sasa ni Desemba, nyasi zimefika kifuani, zimemwaga mbegu, nyingine zimelala chini. Kila upitapo hapo unageuza uso upande mwingine.

Nayajua mawazo yako. Kiberiti ni bei rahisi. Ukitia moto jioni moja, asubuhi shamba litakuwa safi. Lakini moto haujui mpaka wa shamba lako. Upepo wa Desemba ukigeuka, utachoma ua wa jirani, ghala lake, pengine na nyumba yake. Na hata ukiuzuia, utakuwa umechoma chakula cha ng'ombe na mbolea kwa mkono wako mwenyewe, huku Januari na Februari zinakuja, na maziwa yatapungua. Basi kiberiti kiache jikoni.

Maoni yangu ni haya. Wengi wetu tunakosea kwa kuuliza kwanza, “Nitapata mashine gani?” Swali la kwanza lingekuwa, “Nyasi hizi nazitaka kwa kazi gani?” Ukilijibu hilo, njia ya kukata itajichagua yenyewe.

Ingia shambani asubuhi na panga. Kata kumbatio moja mahali patatu mbalimbali, kisha chunguza. Kama mabua yana ukijani na majani bado yameshikamana, hicho ni chakula, ingawa si chakula bora. Nyasi zilizokomaa hivyo zimepoteza nguvu nyingi ya kujenga mwili. Zitajaza tumbo la ng'ombe, lakini hazitajaza ndoo yako ya maziwa mpaka uziongeze lusini, desmodiamu au majani ya viazi vitamu. Kama chini ni nyeusi, zina vumbi la ukungu na harufu mbaya, usimpe ng'ombe, na zaidi yule mwenye mimba. Hizo ni za kulaza ndama, za kutia bomani zigeuke samadi, au za kufunika ardhi kwenye mboga na kahawa.

Sasa tuje kwenye kukata. Trekta si zote sawa. Ile yenye upau wa meno hukata vizuri nyasi zilizosimama, lakini zilizolala huisonga, na dereva atashuka kila mara kuitoa uchafu. Ile yenye ngoma au visahani vinavyozunguka huziweza zilizolala. Lakini lile fyekeo kubwa la trekta, ambalo wengi hulikodi kwa sababu liko karibu, huzipondaponda nyasi vipande vipande. Vipande hivyo huwezi kuvikusanya wala kuvifunga. Kama umeamua nyasi zibaki shambani zioze, likodi. Kama wataka marobota, usilipe fedha zako kwa kazi hiyo.

Tukumbuke pia mashamba haya yalivyokuwa. Kabla ya Mpango wa Ekari Milioni kuanza mwaka 1962, shamba moja lilikuwa na mamia ya ekari na mwenyewe alikuwa na trekta yake. Leo kipande chako kina kona nyingi, seng'enge, visiki na njia ya watoto wa shule. Mwenye trekta huanza na mashamba makubwa, nawe huwa wa mwisho katika foleni.

Mwaka mmoja nilimngoja mwenye trekta majuma matatu. Siku alipokuja, mawingu yalikuja naye. Alikata, mvua ikanyesha usiku, nami kwa haraka nikafunga nyasi zikiwa na unyevu. Nilipofungua marobota, katikati yalikuwa moto na meusi, na ng'ombe wakayanusa wakaondoka. Nashukuru ghala halikuwaka, kwa maana nyasi mbichi zikifungwa zaweza kujiwasha zenyewe. Nilimlaumu yule bwana kwa miezi, lakini kosa lilikuwa langu. Sikuwa na njia nyingine.

Njia nyingine ipo. Majirani wanne au watano wenye mafyekeo na mundu wa mpini mrefu waweza kumaliza kipande cha kila mmoja kwa zamu. Mundu ule hulaza nyasi kwa mstari mmoja, zikawa rahisi kugeuza. Fyekeo la mkono huzitupa huku na huku, ila kila mtu analo. Kateni tu kile mnachoweza kukausha na kufunga kabla ya kukata kingine. Mvua ikija, mtapoteza kipande kimoja, si shamba zima. Anikeni siku mbili au tatu, mkigeuza, mpaka ubua ukiukunja unavunjika. Kisha fungeni kwa sanduku la mbao lisilo na chini wala kifuniko, la urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45. Robota lake hufika kilo 20 hivi, na ng'ombe mkubwa wa maziwa hulimaliza kwa siku mbili.

Ukikata kwa njia yoyote, mambo matatu usiyasahau. Acha shina la sentimita 5 mpaka 10, kwa sababu ukikwangua ardhi nyasi hazitachipua vizuri. Tembea kwanza shambani uondoe mawe na waya. Tena anza katikati ukielekea nje, ili sungura na ndege wapate pa kukimbilia. Kule Kinangop yuko ndege wa kifua cha manjano anayetaga chini nyasini, na hapatikani popote duniani ila nyanda za juu za Kenya. Ukiona kiota, acha kichaka hicho kimoja.

Mwisho, shika kalamu. Jumlisha gharama ya kukata, kugeuza, kufunga na kubeba, ugawanye kwa marobota unayotarajia. Ikiwa robota lako litakugharimu kuliko la sokoni, usione haya: fyeka, ziache zioze, na mvua ya Machi ikija shamba lichipue upya. Hilo nalo ni faida, mradi zao hilo jipya ulikate kwa wakati wake.

Hasara kubwa ni kuziacha zisimame tena mwaka mzima. Nyasi kuukuu huyanyima machipukizi mwanga, na shamba zuri huzeeka upesi. Waite majirani wiki hii, wala usingoje mawingu.