Hoja za Gereji Mbele ya Kitabu cha Gari

Hoja hizi mmezisikia. Husemwa gereji wakati karatasi ya makadirio inaandikwa, husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wenye magari, na baada ya muda kila mtu humwambia jirani yake kana kwamba hazina mjadala. Nitazichukua mojamoja, nizieleze kama watetezi wake wanavyozieleza, kisha nizijibu. Wasomaji ndio waamuzi. Kipimo changu ni hiki: huduma inastahili kulipiwa ikiwa kitabu cha gari kimeitaja, au ikiwa fundi amepima kitu na kunionyesha alichokikuta. Isiyo na kimojawapo kati ya hivyo viwili nina haki ya kuikataa, nawe pia.

Nianze na hoja inayozibeba nyingine zote. Inasema kwamba kitabu cha gari kiliandikwa kwa ajili ya Japani, kwenye lami safi, kwa hiyo hapa kwetu hakina kazi na neno la mwisho ni la fundi. Hoja ina uzito, kwa sababu sehemu kubwa ya magari yetu ni mitumba iliyotengenezwa kwa soko la Japani. Lakini anayeisema hajakifungua kitabu chenyewe. Ratiba ya matunzo ya Toyota kwa soko hilo ina viwango viwili, cha matumizi ya kawaida na cha matumizi magumu, na matumizi magumu yameelezwa wazi: barabara mbovu zikifika asilimia 30 au zaidi ya mwendo, safari fupi za kilomita 8 au pungufu zinazorudiwarudiwa, kupanda na kushuka milima kwa wingi, au kutembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Anayempeleka mtoto shule Tabata na kurudi, au anayeishi Lushoto, ameshatajwa humo. Kwa hiyo si kweli kwamba walioandika hawakufikiria barabara mbovu, maana waliziwekea kiwango chake. Magari mengi hushuka bandarini kijitabu kikiwa bado kwenye droo ya dashibodi, na lugha si kizuizi tena, kwa kuwa simu hutafsiri ukurasa ukiupiga picha.

Hoja ya pili ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko zote: mwaga oili kila kilomita 3,000, gari lolote, oili yoyote. Watetezi wake wanasema foleni za Dar es Salaam huchosha oili, vumbi huichafua, na oili ni rahisi kuliko injini. Yote matatu ni kweli, lakini hakuna hata moja linalotufikisha kwenye 3,000. Kwa injini za petroli zisizo na turbo, ratiba niliyoitaja inasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa matumizi ya kawaida, na kilomita 7,500 au miezi 6 kwa matumizi magumu, kinachotangulia kufika. Tuchukue kile kigumu, tusije tukaambiwa tunajipendelea. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Vitz, IST, Probox na Fielder nyingi, hubeba lita 3.7 za oili pamoja na filta. Mtu anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka, akifuata kanuni ya gereji, atamwaga oili mara 5 na kununua lita 18.5. Akifuata kitabu kwa matumizi magumu, atamwaga mara 2 na kununua lita 7.4. Lita 11 zilizobaki ni fedha inayotosha kumnunulia oili bora zaidi kwa zile mara mbili.

Na ubora ndipo hoja hii inapojikanyaga. Gereji inayosisitiza 3,000 mara nyingi ndiyo hiyohiyo inayosema kwamba ukimwaga mara kwa mara, oili yoyote inatosha. Geuza dumu usome herufi mbili zinazofuata neno API. Taasisi ya API, iliyoviweka viwango hivyo, inasema oili ya kiwango cha SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Kiwango cha SP kilianza 2020. Oili isiyofaa kwa injini yako haifai tangu kilomita ya kwanza, na kuimwaga mapema hakuibadilishi ikawa inayofaa. Zaidi ya hayo, namba moja kwa magari yote inawaumiza pia wale inaodai kuwalinda. Kwa injini za petroli zenye turbo, Toyota inataja kilomita 5,000, na 2,500 au miezi 3 kwa matumizi magumu. Hivyo mwenye Vitz analipa zaidi ya mara mbili ya anachopaswa, na mwenye turbo wa matumizi magumu anacheleweshwa, wote wawili kwa kanuni moja inayoitwa ya usalama. Gari linalokula oili nalo haliokolewi na ratiba yoyote. Linaokolewa na kijiti cha kupimia, kila wiki, asubuhi injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare, na hilo halina malipo.

Hoja ya tatu ni ya joto. Inasemwa: nchi yetu ni ya joto, kwa hiyo weka oili nzito, na thamostati itoe, hiyo ni ya nchi za baridi. Upande wa oili kuna ukweli kiasi, kwa sababu vitabu vya baadhi ya magari ya soko la nje huruhusu 15W-40 au hata 20W-50 penye joto. Basi kinachoruhusu ni kitabu cha gari hilo, na ruhusa hiyo haihamii kwenye gari ambalo kitabu chake kinataka 0W-20 au 5W-30. Injini ikishapata moto, maji yake hukaa karibu na nyuzi 90, iwe Sapporo au Tanga, na tofauti ya hewa ya nje haibadilishi kazi ya oili kama watu wanavyodhani. Kinachobadilika ni zile sekunde za kwanza baada ya kuwasha, oili inapopaswa kupanda haraka hadi juu ya injini. Tena injini za VVT-i hutumia shinikizo la oili kugeuza majira ya vali. Kuweka oili nzito kuliko iliyopangwa ni kuingilia mfumo ambao anayependekeza hakuutaja kabisa.

Upande wa thamostati hakuna ukweli wowote. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi mapema na kuiweka hapo, na nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini huchelewa kupata moto, kompyuta huona bado ni ya baridi na kuongeza petroli, na mwenye gari hulalamika kwamba gari linakunywa mafuta. Kwenye injini nyingi thamostati ina kazi ya pili: inapofungua njia ya rejeta, huziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Isipokuwepo, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Tazameni basi mgongano uliopo. Gari limechemsha, fundi anatoa kifaa kinachoelekeza maji kwenye rejeta, na anaiita hiyo tiba. Feni isiyozunguka, kizibo cha rejeta kilicholegea, rejeta iliyoziba au gasketi ya silinda hedi iliyoungua vinabaki palepale. Anayesema thamostati imekufa aithibitishe, na kuthibitisha ni kazi ya dakika chache. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, pasha moto, tazama. Nzima itaanza kufunguka kabla maji hayajatokota, na ukiitoa itafunga taratibu ikipoa. Isiyofunguka inunuliwe mpya, na hiyo ni pesa halali kabisa.

Joto hilohilo hutumika kuhalalisha kujaza maji ya bomba kwenye rejeta. Kulanti hupandisha nyuzi ambazo maji huchemkia na huzuia kutu ndani ya injini, vitu ambavyo nchi ya joto inavihitaji kuliko nyingine yoyote. Lakini ukiambiwa ubadilishe kulanti kila servisi, kataa. Kulanti ya waridi ya Toyota, kwa ratiba ya Japani, hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000 au miaka 7, kisha kila kilomita 80,000 au miaka 4. Ukiyakuta maji yana rangi ya kutu, ujue mtu alishaongeza ya bomba, na hapo kulipia kazi ya kusafisha mfumo na kujaza kulanti sahihi ni lazima.

Hoja ya nne ni kusafisha injini kwa dawa kabla ya kumwaga oili. Wanasema ndani kuna uchafu uliogandamana na oili peke yake haiutoi. Oili ya injini tayari ina viambato vya kusafisha na vya kuubeba uchafu hadi kwenye filta, ndiyo maana inageuka nyeusi. Wauzaji wa dawa hii wana mawili ya kuchagua. Kama mteja amefuata kanuni yao ya kilomita 3,000 miaka yote, uchafu huo umetoka wapi? Na kama kweli upo mwingi, kuubandua kwa mkupuo ni kuupeleka kwenye chujio la pampu ya oili, mahali pabaya kuliko pote. General Motors huandika kwenye vitabu vya magari yake kwamba usafishaji huo haupendekezwi na kwamba unaweza kuleta uharibifu usiofunikwa na waranti. Msilipe.

Kuhusu kubadilisha mkanda wa taiming kwenye kilomita 100,000, swali la kwanza ni kama gari lina mkanda. 1NZ-FE haina, inatumia cheni, na vivyo hivyo 1ZZ-FE na 2AZ-FE. Kuna wenye magari wanaotajiwa gharama ya mkanda ambao haumo kwenye injini yao. Lakini mwenye Subaru ya EJ20 asishangilie, kwa sababu hiyo ina mkanda, na kwenye nyingi ukikatika pistoni hugonga vali. Huko lipa kwa wakati wake, bila kubembelezana bei. Msimbo wa injini umeandikwa kwenye kibati chini ya boneti.

Kwenye giaboksi kuna kauli mbili zinazopingana, na wakati mwingine zote mbili hutoka kaunta moja: kwamba oili yake ni ya maisha na haiguswi, na kwamba ibadilishwe sasa hivi kwa oili yoyote ya otomatiki. Ya kwanza inasahau kwamba maisha ya giaboksi ya mtumba yalianza miaka mingi kabla hujalinunua gari. Ya pili ni hatari zaidi. Giaboksi ya CVT hutegemea msuguano wa mkanda wa chuma na puli zake, na oili yake ni ya peke yake: Nissan hutaja NS-2 au NS-3, Toyota hutaja CVTF TC au FE. Fundi akisema zote ni sawa, ondoka na gari lako.

Naitrojeni kwenye matairi haihitaji maneno mengi. Hewa ya kawaida ina naitrojeni asilimia 78 tayari. Jaribio la Consumer Reports la Marekani lilionyesha kwamba kwa mwaka mzima matairi yenye hewa yalipoteza psi 3.5 kwa wastani, na yenye naitrojeni 2.2. Upepo ukipimwa kila mwezi tofauti hiyo haina maana.

Nimeiacha mwisho hoja inayonikera kuliko zote, kwa sababu hii haiishii kwenye pesa: mafuta ya breki yakipungua, ongeza. Husemwa kwa upole, mara nyingi bila malipo, na huonekana ni msaada. Lakini mafuta ya breki hayaliwi kama oili. Yanashuka kwa sababu pedi zimekwisha na pistoni zimesogea nje, au kwa sababu yanavuja. Kuongeza bila kutazama ni kuifuta dalili. Tena mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kufika asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 hushuka kutoka 230 hadi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Hilo haliji ukiwa Mikocheni kwenye foleni. Linakuja ukishuka Kitonga na familia ndani, mguu ukiwa kwenye breki kona baada ya kona. Ratiba za Japani hutaka mafuta yote yabadilishwe kila miaka 2 hivi, na huduma hiyo haimo kwenye karatasi nyingi za makadirio zilizojaa dawa za injini na naitrojeni. Muulize fundi mafuta ya breki ya gari lako yalibadilishwa lini. Akijibu kwamba yaliongezwa, basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kulipia leo, pamoja na kutoa magurudumu yote manne na kupima unene wa pedi mbele ya macho yako.