Deni la Barabara Lisilokuwepo

Simu inalia: unadaiwa dola 12.51 za tozo ya barabara, fungua kiungo hiki uepuke faini ya dola 50. Ujumbe huu wa kitapeli ulizagaa Marekani kuanzia Machi 2024. Kufikia katikati ya Aprili, FBI ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 2,000. Deni limefanywa dogo kwa makusudi, mtu alipe bila kuuliza. Kinachowindwa ni namba ya kadi ya benki. Kitazame kiungo: mara nyingi jina la E-ZPass, mfumo wa Marekani wa kulipia tozo za barabara, limo, lakini limebandikwa herufi zisizoeleweka. Ndugu zetu mlioko huko, msibonyeze. Andikeni wenyewe anwani ya tovuti rasmi, mkague akaunti zenu, kisha mfute ujumbe huo.