Mchezaji mkimya siyo kwamba anaringa

Kwenye viwanja vya mtaani, iwe Ibadakuli au Geita mjini, mchezaji asiyeongea huwa hakosi jina: anaringa, hana morali, hafai unahodha. Kwenye majaribio ya siku moja tu, jina hilo linaweza kumkosesha namba.

Sasa mtazame N'Golo Kanté, kiungo Mfaransa anayesifika kwa ukimya. Alibeba Ligi Kuu England 2016 akiwa Leicester, 2017 akiwa Chelsea, kisha Kombe la Dunia 2018. Wenzake wakishangilia ubingwa huo, yeye aliona aibu hata kuomba kombe alishike. Steven N'Zonzi ndiye aliyemwombea.

Kocha anayesaka vipaji ahesabu mipira aliyopora kijana, siyo maneno. Akitaka kumsikia, amvute pembeni baada ya mazoezi. Wapo wasioongea mbele ya kikosi kizima, ila wakiwa wawili wanafunguka.