Mheshimiwa Hana Greda

Kwenye matanga ya huku Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, mahubiri hukatizwa na gari la mheshimiwa diwani likiingia. Mchungaji anakaa, maikrofoni inapokezanwa, na marehemu anasahaulika kidogo kwa sababu watu wana swali moja: greda inakuja lini? Mheshimiwa hajawahi kukosa jibu. Inakuja. Akiondoka ameacha bahasha, na njiani tunaambiana kwamba huyu kweli ni mtetezi wetu.

Mimi nasema si mtetezi. Na kosa si lake peke yake.

Kuanzia ufuoni wanakotia nanga wavuvi hadi ploti za mabati wanamopanga wafanyakazi wa maua, tunaamini kwamba diwani ndiye anayeleta maendeleo. Mwenye mkono wazi huleta mengi, bahili huleta machache. Sheria haisemi hivyo hata kidogo. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka diwani, yaani mwakilishi wadi, akae karibu na wakazi, asikilize, kisha afikishe maoni yao katika bunge la kaunti. Kifungu hichohicho kinamkataza kujiingiza, waziwazi au kwa mlango wa nyuma, katika kazi za watendaji wa kaunti na utoaji wa huduma. Greda ni ya idara ya barabara. Anayekuahidi greda matangani anakugawia ng'ombe wa jirani.

Alicho nacho hasa ni kura moja na kiti kimoja katika bunge la kaunti yetu ya Nakuru, yenye wadi 55. Kiti hicho si kidogo, lakini lazima ujue kinavyofanya kazi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, bunge la kaunti linaweza kubadilisha makadirio ya bajeti, ila shilingi ikiongezwa hapa sharti ionekane imepunguzwa kule. Maana yake, mtaro wa majitaka tunaoutaka Kamere utalipwa na kitu ambacho mtu wa Molo au Bahati alikuwa anakitarajia. Wajumbe wa kamati ya bajeti wana shida za kwao, na sauti nene haiwatishi. Wanachoulizana ni nyumba ngapi zinatumia choo kimoja, zahanati iliandika wagonjwa wangapi wa kuhara mwezi wa mvua, mtaro una urefu wa mita ngapi. Mheshimiwa wetu hana karatasi yenye majibu hayo. Sisi tulimpa orodha ya basari na bei ya jeneza.

Wazee hunijibu kwamba enzi za baraza la manispaa mambo yalikuwa afadhali. Yapi? Diwani wa kabla ya 2013 alikaa meza moja na karani wa mji aliyeletwa na wizara, na karani ndiye aliyeshika kalamu. Hata hivyo hazina ya LATF, iliyoundwa kwa sheria ya 1998, iliyapa mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato, na kuanzia 2001 wakazi wakawa wanaitwa mikutanoni kutaja miradi wanayoitaka. Wengi tulikwenda kunywa soda.

Wengine walitegemea mwajiri. Upande huu wa ziwa shamba la maua lilikuwa na hospitali, shule na hata timu ya mpira ya ligi kuu. Kisha 2014 Karuturi, kampuni yenye shamba hilo, ikawekwa chini ya wasimamizi walioletwa na wadai, na watu wakaona jinsi hospitali inavyoyumba shamba likiyumba. Kampuni haijaapa kwa Katiba kwamba itakutibu. Huduma za afya za mashinani ni kazi ya kaunti, imeandikwa katika Jedwali la Nne.

Kuna jambo ambalo wanasiasa hawalisemi kwa sauti. Wengi wanaokata waridi hapa wamejiandikisha kupiga kura kwao, Nyanza na Magharibi, na baada ya ghasia za uchaguzi za Januari 2008 nani atawalaumu? Lakini sensa ya Agosti 2019 iliwahesabu walikolala, yaani hapa. Wamo katika wale watu 2,162,202 wa Nakuru, na idadi ya watu ni kigezo kimoja cha kugawia kaunti pesa. Kwa hiyo fedha zinakuja Nakuru kwa kichwa chako, ilhali mheshimiwa anapopiga hesabu za kura kichwa hicho hakioni. Ndiyo sababu barua iliyosainiwa na wakazi ina uzito kuliko hasira. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti. Hakisemi mpiga kura. Kinasema mtu.

Najua nitaambiwa mikutano ya kaunti ya kukusanya maoni kuhusu bajeti ni maigizo: inatangazwa dakika za mwisho, inafanyiwa mbali, na kabrasha liko kwa Kiingereza. Kweli tupu. Basi hilo nalo liandikwe, lipokelewe kwa muhuri, nakala ibaki Kamere.

Halafu angalia kalenda. Waraka wa mkakati wa fedha, ule unaopanga kila idara ya kaunti itapata kiasi gani, hutakiwa kufika bungeni kufikia 28 Februari. Maoni ya wakazi hukusanywa wiki chache kabla ya hapo. Ni wiki zilezile ambazo mashamba yanakimbizana na sikukuu ya Valentine, watu wanaingia kazini kabla ya jua na kutoka usiku, na hakuna msimamizi atakayekupa ruhusa ukazungumzie mitaro. Jumapili ndiyo siku ambayo Kamere ingejaa ukumbi. Sijaona bado barua kutoka huku inayoomba mkutano uitishwe Jumapili.