Cha Kujitengenezea si Aibu

Wanafunzi wenzangu, kuna mtindo mbaya hapa shuleni wa kumcheka anayekuja na kiondo cha mkonge. Eti huo ni ushamba! La hasha.

Kwetu Gachoka mvua ni haba na kuni hutafutwa mbali. Basi mama alichukua kapu, akalitandika vipande vya blanketi kuukuu ndani, likawa jiko lisilo na moto. Ndengu zikishachemka dakika 15, sufuria hufunikwa humo gubigubi. Joto halipati pa kutorokea, na baada ya saa mbili zimeiva. Baba naye alikunja mabati makuukuu yakawa mifereji ya kukinga maji ya mvua.

Sisemi kila kitu kitengenezwe nyumbani. Dawa na vitabu hununuliwa. Lakini shilingi isiyokwenda dukani ndiyo inayonilipia karo. Tena serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka wa 2017, hata watu wa mjini walirudia vikapu. Sasa mshamba ni nani?

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Ewe unayecheka kiondo, mikono yako imetengeneza nini?